Turbini ya mafuta mawili ya megawati (MW) 40 ikiwekwa Njiro, Arusha, itatoa ngapi saa za kilele cha matumizi ya umeme?

Msakina: Wakuu, naomba hesabu. Turbini inayotumia gesi asilia au dizeli, kibao cha mtengenezaji kinasema MW 40. Ikiwekwa Njiro kusaidia saa 1 hadi saa 5 usiku, tutapata ngapi kweli? Na kwa nini mitambo hii huzima ikihamishwa kutoka gesi kwenda dizeli?

Fundi_Mzunguko: Mkuu, hiyo 40 ni ya usawa wa bahari, nyuzi 15. Arusha iko kama mita 1,400, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo umebaki na 34. Kila nyuzi moja juu ya 15 inakata tena kama asilimia 0.7. Jioni ya nyuzi 22, hesabu 32. Mji wa Moshi una joto zaidi lakini uko chini, ungepata karibu 34.

Mabomba ya gesi ya Songo Songo na Mtwara yanaishia Dar, kwa hiyo huku ni dizeli tu. Kwa ufanisi wa asilimia 36, MW 32 zinakula karibu lita 8,900 kwa saa. Hilo ni lori zima la tangi kila jioni. Pigia hesabu hapo kwanza.

Mama_Vali: Nijibu la kuzima. Mashine ikiwa kwenye gesi, dizeli iliyobaki kwenye mabomba karibu na vyumba vya mwako inaungua kwa joto na kuganda kaboni nyeusi, ngumu kama lami kavu. Vali za njia moja zinakwama. Siku ya kuhamisha, chumba kimoja kinapata mafuta mengi, kingine kidogo. Vipimajoto vya ekzosi (njia ya kutolea moshi) vinaona upande mmoja moto na mwingine umepoa, mashine inatripu, yaani inajizima, ili kulinda mapanga ya turbini.

Dawa ni kuiendesha kwa dizeli mara kwa mara hata kama gesi ipo, na kukagua hewa ya kusafishia mistari (mabomba ya dizeli). Kabla ya kuhamisha, jaza mistari dizeli kwanza, shusha mzigo, ndipo ubadilishe polepole huku ukitazama tofauti ya joto la ekzosi.

Fundi_Mzunguko: Nyongeza kwa Arusha: ikiwa inapuliziwa maji kwenye mwako kupunguza oksidi za naitrojeni, usitumie maji ya kisima moja kwa moja. Yana floraidi na sodiamu nyingi, na sodiamu inakula mapanga. Yaondolewe madini kwanza. Na kwenye tangi la dizeli, fungua koki ya chini utoe maji kila wiki. Yakikaa, vijidudu vinaota utando unaoziba filta.