Kiwanja Nala chenye barua ya toleo tu: nikague nini kabla ya kulipa?

MgeniWaNala
Wakuu, nimeonyeshwa kiwanja Nala, hapa Dodoma. Hati haijatoka, kuna barua ya toleo tu (ile ya kumgawia mtu kiwanja kabla ya hati), tena ina jina la marehemu baba wa muuzaji. Dalali anataka nusu ya bei leo ili "kukishika", maana kuna mteja anakuja kutoka Dar. Anasema muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unatosha. Nianzie wapi?

Jalada
Mkuu, usitoe hata shilingi ya kushikia. Huyo mteja wa Dar hutajwa kila mara ili ukose muda wa kwenda ofisini.

Chukua nakala ya barua, nenda mwenyewe idara ya ardhi ya Jiji, bila dalali. Taja namba ya kiwanja na kitalu. Uliza jalada lina jina la nani, kama ada za umilikishaji zililipwa zote, na kama toleo halijafutwa. Barua ikiwa ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma, tazama tarehe: CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, kwa hiyo barua yake ya 2018 ni ya kughushi.

Halafu omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani akuangalizie kwenye daftari kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa "hati haijatoka". Hapo ndipo inapohitajika zaidi: huenda hati ilishatoka, kwa jina la mtu mwingine. Ada ulipe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, si mkononi mwa mtu.

Mirathi_Dom
Ndugu, mimi linanitia hofu zaidi jina la marehemu. Mtoto hauzi kwa sababu tu ni mtoto. Lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo humpendekeza tu. Chukua namba ya shauri la mirathi, ukaithibitishe kwenye mahakama iliyomteua. Kisha pata ridhaa ya maandishi ya warithi wote, mjane akiwemo. Mjane aliyerukwa akifungua kesi, fedha zako zinaweza kukwama miaka.

Muhuri wa mwenyekiti husaidia kutambua watu, hauhamishi milki. Wakili wa mkataba mtafute kwa jina kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana mihuri ya uwakili nayo hughushiwa. Wakikushauri muandike bei ndogo ili kodi ipungue, kataa kabisa: mambo yakiharibika, utabanwa na kiasi kilichoandikwa.

Bikoni
Ya ofisini yakiwa sawa, bado uwanjani. Ujanja uliozoeleka: karatasi ni ya kiwanja cha korongoni, unaonyeshwa cha barabarani. Nenda na mpima ardhi aliyesajiliwa, asome namba za bikoni (mawe ya mipaka) na kuzilinganisha na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, haitoshi. Kwa Nala uliza pia kama kiwanja hakimo ndani ya hifadhi (eneo lililotengwa) ya barabara ya mzunguko ya nje ya Dodoma.

MgeniWaNala
Asanteni sana. Na fedha nimkabidhi nani?

Mirathi_Dom
Ziingie benki, kwenye akaunti ya msimamizi, jina lilingane na barua ya mahakama. Zisipite kwenye simu ya dalali. Yeye alipwe kamisheni yake kando. Lipa sehemu mkataba ukisainiwa, iliyobaki uhamisho wa milki ukikubaliwa. Mkataba utaje fedha zitakazorudishwa uhamisho ukikataliwa, na ndani ya siku ngapi.