Shule yetu bajeti ndogo: tovuti, meseji za wazazi na daftari la michango, tuanzie wapi?

Mhasibu_Kilombero
Habarini wakuu. Mi ni mhasibu wa sekondari binafsi huku Kilombero, wanafunzi 320 hivi, na hapohapo ndo katibu wa umoja wa wazazi, ule wa kuchangia chakula na ujenzi. Tulikuwa na tovuti, kijana aliyetutengenezea akasajili jina la tovuti, ile anwani unayoandika mtandaoni, kwa imeili yake mwenyewe, baadae akahama, namba haipatikani, muda wa jina ukaisha na leo ukiliandika hakiji kitu. Inaniuma maana jina hilohilo liko kwenye fomu za kujiunga, boksi mbili nzima tulishachapisha. Sasa bodi imenipa laki sita kwa mwaka, humohumo tovuti, imeili, meseji na daftari la michango. Nianzie wapi?

Seva_Ya_Mtaa
Pole sana mkuu. Anza na jina. Shule inachukua linaloishia na .sc.tz, umoja wa wazazi ukitaka lake ni .or.tz, na lisajiliwe kwa jina la shule na imeili ya ofisi, fundi asiwe mwenye mali, paswadi iandikwe ikae kwenye kabati la mkuu wa shule. Ukishakuwa na jina ombeni Google Workspace for Education, ile ya Fundamentals ni bure kwa shule zinazotambulika, mnapata imeili za walimu, fomu, na nafasi ya kuhifadhi mafaili, TB 100, mnayotumia shule nzima. Tovuti fanya WordPress, programu yenyewe bure, unalipia hosti tu, yaani seva ya kukodi tovuti inapokaa. Ila hosti uliza bei ya mwaka wa pili! Ya mwaka wa kwanza huwa ya kukuvuta, wengi wanashtuka wakati wa kulipia tena.

MamaWatatu
Naomba nitofautiane kidogo na hapo juu. Mi ni mzazi, na shule ya mwanangu ilimaliza hela kwenye tovuti nzuri yenye picha zinazotembea wakati nusu ya wazazi tuna simu za tochi. Kaka mhasibu angalia kwanza simu ya mzazi. Meseji ya kawaida inafika hata kwa bibi anayelea wajukuu shamba.

Seva_Ya_Mtaa
Dada umesema kweli kabisa, na kwenye meseji kuna kitu kinakula hela watu hawakioni. Meseji moja ni herufi 160. Lakini ukiandika kwenye Word ukakopi, ile alama ya kwenye ng' inageuka kuwa ya kupinda, na ikishapinda tu meseji nzima inahesabiwa kwa herufi 70, ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67. Sisi tuliandika "kikao Mang'ula Jumamosi" ndani ya meseji ya herufi 150 na tukakatwa hela ya meseji tatu kwa kila mzazi. Kwa wazazi 320 hizo ni meseji 960! Andika alama iliyonyooka, au chapa mlemle kwenye mfumo wa kutumia, na jitumie mwenyewe moja kabla ya kurusha kwa wote.

Mweka_Hazina
Daftari la michango Google Sheets inatosha kwa watu 320. Kila familia mpe namba, usitegemee majina, kwetu Amina wako watano. Mzazi akilipa kwa simu aweke hiyo namba kwenye kumbukumbu namba, jioni unalinganisha na taarifa ya malipo. CiviCRM, programu ya kutunza orodha ya wanachama na michango yao, nayo ni bure, inakaa ndani ya WordPress na imetengenezwa kwa vyama vya wanachama, lakini inataka mtu wa kuihudumia, kwa sasa iache. Na nakuomba sana, orodha ya wanaodaiwa usirushe grupu la WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mtoto anakuja kuchekwa darasani kwa deni la baba yake.

Mhasibu_Kilombero
Asanteni sana, dada hasa wewe. Leo nimepitia fomu za kidato cha kwanza moja moja, wazazi 74, wenye WhatsApp ni 31. Kwa hiyo jina kwanza, halafu meseji, tovuti iwe kurasa tatu tu: ada, mawasiliano, tarehe za kufungua. Zile boksi mbili za fomu hatutupi, nitachongesha muhuri wenye jina jipya tugonge juu ya lile la zamani.