Naomba ushauri: sauti inakatika kila baada ya sekunde 10 nikigeuza WAV kuwa MP3
Wakuu, habari za wakati huu. Niko Uyole, Mbeya, ambako narekodi hadithi za wazee wa Kisafwa katika faili za WAV (sauti isiyobanwa) zenye sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kisha programu niliyoiandika kwa Python huzikata vipande vya sekunde 10, hukabidhi kila kipande kwa FFmpeg, programu ya kugeuza sauti na video, kigeuzwe kuwa MP3 (sauti iliyobanwa), na mwishoni huviunganisha. Kila penye kiungo nasikia "tik" na ukimya mfupi mno. Juzi ukimya huo ulimkata bibi mmoja katikati ya neno, naye akaniuliza lini ameanza kigugumizi. WAV zenyewe ni safi.

Ninavyoelewa, fremu moja ya MP3 (fungu dogo la sauti) hubeba sampuli 1,152, na sampuli 441,000 za kipande kimoja hazigawanyiki sawasawa kwa idadi hiyo, hivyo kigeuzi hujazia ukimya mwishoni, mbali na ule kinaouongeza mwanzoni. Nilipokata kwa mafungu ya 1,152 tatizo lilipungua, lakini halikuisha.

Je, niache kigeuzi kimoja wazi nikilishe sampuli kidogo kidogo, maana nilianza kukata kwa sababu kompyuta yangu ina kumbukumbu ndogo, au ipo njia ya kuunganisha vipande bila mshono kusikika?