Goti linakubali kupanda, linakataa kushuka: nirudi vipi kwenye safari ndefu?

Mtembezi wa Mikindani

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni mwalimu, nina miaka 41. Machi mwaka juzi nilianguka na bodaboda kwenye mchanga, mguu wa kushoto ukabaki chini ya pikipiki. Muundi ulivunjika juu kabisa, pale unapoingia kwenye goti, na ligamenti ya ndani ya goti, ile ya mbele inayoshikilia mifupa isiteleze, ikakatika. Niliwekewa bamba la chuma na skrubu 7, wiki 10 sikukanyaga chini. Mfupa ulipounga nikarudi Dar kutengenezwa ligamenti. Walichukua kano ya nyuma ya paja langu mwenyewe. Hiyo sasa ina miezi 11.

Kabla ya ajali, kila mwaka mvua zikiisha tulikuwa tunatoka Newala mjini kwa miguu, tunashuka ukingo wa uwanda wa Makonde mpaka Mto Ruvuma, tunalala huko, alfajiri tunapanda. Ukisimama Shimo la Mungu, pale ukingoni, asubuhi ukungu umejaa bondeni, na mbele yako ng'ambo ni Msumbiji, unasahau hata kama hujala. Miezi yote ya magongo nilikuwa naiota ile njia, kona kwa kona.

Mikindani mpaka Mtwara mjini, kama kilomita 10, naenda na kurudi siku hizi bila shida. Mwezi uliopita nikasema nijaribu Newala. Dakika 40 za kushuka paja likaanza kutetemeka, goti likaniachia mara mbili, nikakaa juu ya jiwe nikalia. Ajabu ni kwamba kurudi juu nilipanda vizuri tu. Kesho yake goti lilikuwa limejaa mpaka pia ya goti haionekani.

Wenzangu wanaondoka Agosti, kila mtu na begi la kilo 12. Aliyepitia haya aniambie: mguu bado, au ni woga wangu?

Mazoezi Tiba Lindi

Pole sana mwalimu. Si woga. Ukipanda, misuli inakusukuma. Ukishuka, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki, na huo ndio unaokonda mguu ukikaa bila kazi. Kutembea tambarare hakuurudishi.

Chukua futi ya fundi cherehani, pima mapaja yote mawili, sentimita 15 juu ya pia ya goti. Kisha simama kwenye ngazi kwa mguu wa kushoto, shusha kisigino cha kulia taratibu kiguse chini, urudi juu. Hesabu unaweza mara ngapi bila goti kuingia ndani, halafu fanya upande wa pili. Sisi tunataka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mzima kabla ya mtu kurudi kwenye mambo mazito. Mfupa huunga kwa miezi, lakini kano iliyopandikizwa inaweza kuchukua mwaka, hata miwili, kukomaa. Na goti likivimba kesho yake, maana yake jana ulizidisha. Punguza, usikaze meno. Lile la kuachia, waliokupasua walione kabla ya Agosti.

Baba wa Rondo

Mimi kilikuwa kifundo cha mguu, si goti, ila nakuelewa kaka. Tafuta fimbo mbili, sio moja. Kwenye kushuka zirefushe kidogo, zitangulie kabla ya mguu. Na ufukwe wa Msimbati usiufanye uwanja wa mazoezi kwa sasa, mchanga laini unasokota goti.

Bibi wa Newala

Marahaba mwanangu. Sisi huku juu hatukuwa na maji, yalikuwa bondeni. Kabla ya bomba, mama zetu walishuka na vyombo vitupu, wakapanda na maji kichwani. Mzigo ulikuwa wa kupandia. Nani kakwambia lazima uanzie Newala? Anzia mtoni, uje huku juu. Ukifika nitakupikia ugali wa muhogo.

Mtembezi wa Mikindani

Bibi, nimesoma hayo mara tatu. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kuigeuza njia.

Nimepima jana: kulia sentimita 51, kushoto 48. Kwenye ngazi kulia nimefika 22, kushoto 9, na ya tisa ilikuwa ya kulazimisha. Basi ni mguu, na kusema kweli nimepumua. Wiki ijayo naenda Dar kwa daktari. Akiniruhusu, nitawahi mtoni kwa gari niwasubiri wenzangu, nipande nao nikiwa na chupa ya maji na fimbo mbili. Begi langu mdogo wangu kasema atalibeba yeye. Bibi, mboga iwe kisamvu.