Bao kongwe la urithi au jipya la fundi: lipi litafaa baraza yetu?

Kijana wa Mwembetanga

Assalaam alaykum wakubwa zangu na wenzangu.

Bao letu la barazani limepasuka. Masika yaliyopita tulilisahau nje usiku mmoja, mvua ikalinyeshea, na lilipokauka ufa ukapita baina ya kichwa na kimbi, yale mashimo mawili ya mwisho wa safu. Sasa kete ikiangukia humo haitoki ila kwa kijiti. Tumechangishana watu kumi na wanne na fedha zipo, ila tumegawanyika makundi matatu.

Kuna mzee mmoja wa Ng'ambo anauza bao alilorithi kwa baba yake. La mfenesi, limeshageuka rangi ya halua, na kete zake ni komwe, zile mbegu ngumu za mkomwe, za tangu enzi hizo. Anataka shilingi 180,000. Wengine wanasema tumpe fundi 120,000 atuchongee jipya la mninga, na kete mpya juu yake. Vijana wanataka lile la kukunja lenye bawaba, la maduka ya watalii, 50,000, kwa sababu linabebeka.

La mzee nimelichezea. Midomo ya mashimo imelika kwa vidole. Nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, bado ni ya mraba, lakini pembe zake nne zimelainika, ukipitisha kidole gumba unahisi kama ukingo wa kata ya kifuu. Ukichota, kete zinakuja zote kwa mkono mmoja, hakuna inayojificha kwenye kona. Nilisambaza kete kumi na mbili huku namtazama mwenzangu usoni, na kila moja ikaanguka mahali pake. Mlio wake mzito, wa chini, haupigi kelele.

Swali langu ni hili: uchakavu ule unasaidia mchezo kweli, au ni mapenzi yangu tu ya vitu vya kale? Fedha ni za watu, nataka niwe na la kuwaambia.

Fundi Tezo

Waalaykum salaam. Mimi nachonga, lakini sitakwambia ununue jipya kwa kuwa ndiyo riziki yangu.

Kwanza jua ulichoshika. Mfenesi ni mti mzuri kwa bao. Mbichi ni wa manjano, ukikaa miaka unakolea hivyo hivyo ulivyosema. Mwembe ni mwepesi kuchonga, ndiyo maana ngalawa zetu ni za mwembe, ila wadudu bungua wanaupenda mno. Mninga, mvule na msaji hawaguswi kirahisi.

Ukienda kwa mzee, lipindue bao. Tazama upande wa chini, maana juu kila mtu anakupangusia. Ukiona vitundu vidogo mithili ya ncha ya sindano, ligonge kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe. Ukidondoka unga laini, wadudu wangali hai ndani. Vitundu vikavu bila unga ni habari ya zamani, si kitu. Kisha liweke juu ya sakafu iliyonyooka na ubonyeze pembe moja moja. Likicheza, limepinda, na bao lililopinda haliponi.

Kuhusu jipya: siku hizi wengi wetu tunachimba mashimo kwa mashine. Ni haraka, lakini shimo linatoka na kitako bapa na kona kali chini, na kete mbili tatu zinajibana hapo ukichota. Mwambie fundi amalizie kwa bobari, patasi ya ncha ya mviringo, mpaka shimo liwe kama kitako cha yai, kisha msasa. Na ahakikishe ubao umekauka barabara. Ubao mbichi utakupasukia kabla ya mwaka, nawe utasema fundi mbaya. Hapo utakuwa umesema kweli.

Bint Fuoni

Naomba niseme jambo moja kwa wote mnaotaka kununua kongwe kisha "mlitengeneze".

Babu yangu aliniachia bao lake. Ndiye aliyenifundisha, tangu sijaanza skuli, nikakaa upande wake nikimhesabia namu, yaani kete za mkononi. Alipofariki nikaona limefubaa, nikalipeleka kwa seremala mmoja nimwambie alisafishe tu. Nilipolifuata lilikuwa limepigwa msasa wa mashine na kupakwa vanishi mikono miwili. Linang'aa kama meza ya arusi. Midomo yote ya mashimo imekuwa mikali upya, na ile alama iliyoingia ubavuni, pale babu alipokuwa akiegemeza mkono wa kushoto, haipo.

Na halichezeki. Kete ikigonga vanishi inaruka, na mchana wa joto kiganja kinanata kwenye ubao. Nililia, wallahi. Nimejaribu kuikwangua, inatoka vipande vipande, na kilicho chini si kile kilichokuwepo.

Kwa hiyo mkilinunua la mzee, tambara kavu na mafuta ya nazi kidogo sana, basi. Msimpe mtu msasa.

Kitakimbi

Mie nitakwenda kinyume na wengi. Nimecheza kwenye mabao yaliyolika, na yana ila ambayo wapenzi hawaisemi.

Mdomo ukilika, shimo linapungua kina. Kete tano sita hakuna tatizo. Lakini mnapofika kwenye mtaji, yaani kete za mkononi zikishaisha, na mtu ana shimo lenye kete 15 au 16, zinapanda juu ya ukingo. Mtu akitia mkono kwa kishindo, moja inateremkia jirani. Nani ameiona? Imetoka wapi? Hapo mchezo unageuka ugomvi, na nimeona watu wazima hawasemezani wiki nzima kwa kete moja.

Pili, bao ni mchezo wa macho. Bingwa anapiga hesabu yote kichwani kabla hajagusa shimo: nikitoka hapa nitalala pale, nitachukua, nitaendelea, nitakula, nitarudi kichwani. Yuko Mholanzi, Alex de Voogt, aliandika tasnifu ya chuo kikuu cha Leiden mwaka 1995 juu ya umahiri wa mabingwa wa bao wa hapa kwetu, kwa jinsi akili zao zilivyomshangaza. Sasa mtu wa namna hiyo anataka aone mara moja kwamba humu mna saba na humu mna nane. Shimo lililotanuka kwa kulika linazirundika kete ovyo, jicho linakosea.

Fanya hivi. Tia kete 16 kwenye nyumba, halafu gonga ubao kwa ngumi mara moja. Kisha uzihamishe, fanya hivyo hivyo shimo hadi shimo, yote 32. Shimo litakalotema, liandike. Yakiwa zaidi ya matatu, mpe mkono wa heri mzee, nendeni kwa fundi.

Mpemba wa Konde

Yakhe, nyote mnazungumza ubao, ubao. Nusu ya utamu aliouhisi kijana huyu umo kwenye kete.

Komwe si kitu cha kuokota tu. Mkomwe una miiba shina hadi ganda, na ganda moja utapata komwe mbili, au moja. Kwa hiyo kupata 64 ni kazi, na kupata 64 zinazolingana ni kazi mara tatu yake, kwani nyingine zatoka kama yai la njiwa, nyingine kama harage. Marehemu baba alikuwa akirudi ufukweni na mfuko mzima, anazimwaga ukumbini, anachagua moja moja kwa kuzizungusha kiganjani. Zilizobaki sisi watoto tunazichukua kuzisugua sakafuni mpaka ziwe moto, tukachomane mashavuni.

Komwe mpya ina kigamba chake, ile mistari myembamba inayozunguka, ukiishika inakwaruza kwa mbali sana. Ikipita mikononi miaka ishirini, thelathini, mistari ile inafutika. Inaingia mafuta ya viganja. Inakolea kijivu kama jiwe la mtoni. Na kiini cha ndani kikishakauka, ukiitikisa sikioni unakisikia kinagonga. Hiyo ndiyo kete inayolala. Ukiiachia shimoni haitafuti pa kwenda.

Goroli za kioo nshaona watu wanatumia. Zinaviringika, zinapiga kelele, na zikianguka kwenye saruji zinapasuka. Sizitaki barazani kwangu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: mkiweza kumwomba mzee awauzie kete peke yake, zichukueni, mkazitie kwenye bao jipya la Fundi Tezo. Ubao utalainika wenyewe mkiucheza. Kete mpya zitawachukua umri.

Fundi Tezo

Mpemba kasema kweli. Nilishawahi kumchongea mtu bao akaja na kete za babu yake kwenye soksi. Siku ya kwanza tu lilisikika kama bao la zamani.

Msafiri Baridi

Niko Marekani mwaka wa tisa sasa, na mada hii imenigusa kwa jambo nililoliona huku.

Wapo watu wanaocheza poka majumbani mwao, jioni na marafiki. Kamari yao ni yao, mie nilichokitazama ni zile chipu wanazohesabia. Madukani zimejaa mpya za plastiki zenye kipande cha chuma ndani, gramu 11.5 moja. Mgeni akizishika anaziona za maana kwa sababu ni nzito. Lakini wanaojua hawazitaki. Wao wanatafuta zilizokwisha kutumika kwenye kasino, zile za udongo mchanganyiko uliokandamizwa, kama za kampuni ya Paulson, ambazo ni nyepesi zaidi, takriban gramu 9 hadi 10. Zikitoka kiwandani zina kingo kali. Zikishapita mikono ya maelfu ya watu kingo zinakuwa za mviringo, rangi inatulia, na zikipangwa zinateleza polepole bila kulia kama sahani.

Na hazipatikani ovyo. Kasino ikifungwa, aghalabu chipu zake huharibiwa, mtu asije akazidai malipo baadaye. Zilizonusurika ndizo zinazogombewa. Mwenzangu kazini alinionyesha zake: amezisafisha moja moja kwa mswaki na maji ya vuguvugu, akazipaka mafuta kidogo, kazi ya wiki mbili. Nilimwuliza kwa nini asinunue mpya. Akanitilia ishirini mkononi, mpya kumi kulia, kongwe kumi kushoto, akaniambia nifumbe macho. Nilikumbuka bao la Wete pale pale.

Kijana, mapenzi yako ya vitu vya kale yapo, usiyakatae. Lakini mkono nao haukusingizii.

Mwana wa Jaws Corner

La watalii mlisahau kulijadili, nami nitalimaliza. Mashimo yake yote ni ya duara, nyumba haina mraba wake. Kina chake hakifiki pingili ya kidole. Bawaba iko katikati kabisa, safu zinapinda hapo. Ni pambo la ukutani, wala si kosa la aliyelitengeneza, hakulikusudia kuchezewa kila alasiri na watu kumi na wanne. Vijana wenu wakitaka kubeba bao, wabebe bao, ni ubao tu.

Bint Fuoni

Jambo jingine kwa Kijana. Muulize mzee kwa nini anauza. Kama wajukuu zake wanalitaka naye hajui, mtakuja kuwa na kinyongo cha watu.

Kijana wa Mwembetanga

Nimerudi. Ahsanteni nyote, na nisameheni kwa kuchelewa siku kumi.

Tulikwenda watatu, na mmoja wetu ni seremala. Mzee alitukaribisha kahawa, tukamuuliza kama dada alivyonielekeza. Watoto wake wote wako Oman, hakuna anayecheza, na waliokuwa wakija kucheza naye wameshatangulia mbele ya haki, wa mwisho alikwenda Ramadhani hii. Alisema hataki kuliona bao limekaa kimya.

Tukalipindua. Vitundu vilikuwepo, kama kumi, karatasi haikudondokewa na chochote. Sakafuni halikucheza. Kisha tukafanya jaribio la Kitakimbi, kete 16 shimo hadi shimo, na mzee akalipenda jaribio hilo mno, akataka kugonga yeye mwenyewe. Yaliyotema yalikuwa mawili, yote kimbi za upande wa kushoto. Seremala wetu amezichimba kidogo chini kwa bobari, mdomo hakuugusa, na nilisimama juu yake mpaka amalize. Msasa nilimficha.

Nilimwuliza mzee kuhusu kete peke yake, kwa shauri la Mpemba. Akazitia kiganjani, akazitazama, akasema bao na kete zitoke pamoja. Sikumwuliza mara ya pili. Tulikubaliana 150,000, na kila Ijumaa alasiri tumpitie kwa baiskeli ya miguu mitatu tumlete barazani.

Tatizo ni moja. Tulipopanga mchezo wa kwanza, nyumba 6, mbili, mbili, na namu 22 mkononi, mwenzangu akajikuta na 19. Tumehesabu mara nne. Kete ni 61. Mzee anasema tatu zilipotea siku nyingi, yeye na rafiki yake walikuwa wakijazia kwa vifungo vya shati. Tumetia komwe mpya tatu, lakini zinaruka, na kila mtu anazijua hata akiwa hatazami.

Yuko mwenye komwe tatu kongwe, za ukubwa wa ncha ya kidole gumba?

Mpemba wa Konde

Za marehemu baba nnazo, zilibaki nyingi. Nitakuchagulia tano, uzijaribu kwenye kiganja cha mzee, atakazozikataa nirudishie. Zitakuja na boti ya Alhamisi. Nitumie jina la mtu wa kuzipokea bandarini.