Mahalia Jackson alikataa jukwaa lipi, na lipi alilikubali?

Mwanakwaya, Mikindani

Bwana Yesu asifiwe. Katika kwaya yetu ya vijana yupo dada mwenye sauti ya pekee, na hoteli moja ya kitalii ya Bamburi imemwomba aimbe huko jioni za mwisho wa juma kwa ujira ambao kanisa haliwezi kumpa. Wazee wamegawanyika. Mmoja wao, akitaka kumzuia, alisema kwamba Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili wa Marekani, hakuwahi kuimba nje ya ibada. Nawaomba mnaoifahamu safari ya mwimbaji huyo mtueleze kama ndivyo, maana dada yetu amefadhaika sana.

Mwalimu wa kwaya, Changamwe

Amina, ndugu yangu. Mzee wenu ameshika nusu ya habari. Mahalia alizaliwa New Orleans mwaka 1911, akafiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa na dada ya mama. Alikuwa Mbaptisti, lakini jirani na kwao palikuwa na kanisa la watu waliosifu kwa ngoma, matari na makofi, na mwenyewe alieleza kwamba mdundo wake ulitoka huko. Alisikiliza pia santuri za Bessie Smith, mwimbaji wa bluzi, yaani muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, kwa hiyo bluzi aliijua vizuri. Aliikataa kwa kuwa aliiona ni nyimbo za kukata tamaa, ilhali injili kwake ilikuwa nyimbo za matumaini.

Alipohamia Chicago aliingia kwaya ya kanisa la Greater Salem, na wapo wachungaji waliochukizwa na jinsi alivyoimba kwa mwili mzima. Vilabu vya usiku alivikataa hata vilipomwahidi fedha nyingi. Hata hivyo, baada ya “Move On Up a Little Higher”, aliyoirekodi mwaka 1947, kumpa jina nchi nzima, aliimba Carnegie Hall, ukumbi mashuhuri wa muziki wa New York, mwaka 1950 na katika tamasha la jazi la Newport mwaka 1958, na kote huko alipeleka injili. Kwa maoni yangu, jambo la kuulizwa kwanza ni dada ataimba nini, na waliopo wameitwa kufanya nini.

Mzee wa kanisa, Kisauni

Nakubaliana na Mwalimu, ila hoteli si Carnegie Hall. Ukumbini mtu hununua tiketi ili asikilize; hotelini wageni wanakula na kunywa, na meneja ndiye anayepanga nyimbo, hivyo leo ataomba tenzi na wiki ijayo ataomba za kucheza. Hofu ya wazee ina msingi.

Hata hivyo, nasi wazee tujichunge. Thomas Dorsey, mpiga piano wa bluzi aliyejulikana kama Georgia Tom, alipoanza kutunga nyimbo za injili makanisa mengi yalimfungia mlango kwa sababu ya mdundo wake. Mwaka 1932 alifiwa na mkewe na mtoto wao mchanga, na katika msiba huo akatunga “Take My Hand, Precious Lord”, wimbo ambao Mahalia aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968. Sisi tunaopita Kengeleni hapa Mombasa, ilipo kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, tungepaswa kuuelewa upesi uimbaji huo, kwa kuwa mizizi yake imo katika nyimbo za watumwa wa Marekani.

Mama wa kwaya, Likoni

Wazee wangu, kwa heshima, naona suala la riziki limepitwa. Kabla ya kujulikana, Mahalia alifanya kazi ya usafi hotelini na ya kufua nguo, na baadaye akafungua saluni na duka la maua. Biashara hizo zilimsaidia kukataa vilabu bila kulala njaa. Wanaomtaka binti huyu akatae ujira waseme pia atakula nini. Mimi ningemshauri aombe mkataba wa maandishi unaosema kwamba nyimbo atachagua mwenyewe, kwamba ataimba kwenye ukumbi wa chakula wala si baa, na kwamba Jumapili asubuhi ni ya kanisa. Hoteli ikikataa masharti hayo, atakuwa amejibiwa, na hapo kanisa lianze kumtafutia kazi nyingine.