Tupeane uzoefu: mikasa ya kweli na maafa ya kale yanayosimuliwa kwa ucheshi. Ulicheka wapi, na ulinyamaza wapi?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisikiliza podikasti za uhalifu wa kweli na za maafa ya kale kila usiku kabla ya kulala, na nimebaini kwamba zile ninazozirudia ni zile ambazo wasimulizi wake huchekesha. Jambo hilo limenisumbua, kwa sababu ndani ya kila kisa kuna watu waliokufa na kuna waliowazika. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, lakini naamini hawakumaanisha kwamba waliohudhuria harusi hiyo wamgeuze marehemu kuwa kichekesho. Naomba basi tupeane uzoefu: ni kisa gani ulichokisikia au ulichokisimulia kwa ucheshi, na ni wapi kicheko kilikukatika?

Naanza mimi. Nilipomsikia msimulizi akisema kwamba mtaa mzima wa Boston ulifurikwa na molasi, nilicheka papo hapo, kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba kitu kizito na kitamu namna hiyo kinaweza kumkimbiza mtu. Kumbe kinaweza. Tarehe 15 Januari 1919, tangi lenye urefu wa mita 15 hivi, lililobeba lita zaidi ya milioni 8 za molasi, lilipasuka katika mtaa wa North End, na wimbi lililotoka humo lilikwenda kasi kuliko mtu yeyote awezavyo kukimbia. Watu 21 walikufa na wapatao 150 walijeruhiwa.

Msimulizi yule hakukaa sana kwenye wimbi. Alirudi nyuma hadi kwenye tangi lenyewe, na hapo ndipo alipouweka ucheshi wake wote. Alieleza kwamba msimamizi wa ujenzi alikuwa mtu wa hesabu za fedha ambaye hakuweza kusoma michoro ya wahandisi. Kwamba tangi lilivuja tangu siku zake za mwanzo hata watoto wa mtaani wakawa wanakuja na makopo kukinga molasi. Na kwamba wenye kampuni, walipolalamikiwa, walilipaka rangi ya kahawia ili michirizi isionekane. Nilicheka tena, lakini kicheko hiki cha pili kilikuwa na hasira ndani yake. Baada ya maafa kampuni ilidai kwamba lilikuwa bomu la waasi, na ilichukua hadi mwaka 1925 mkaguzi aliyeteuliwa na mahakama, Hugh Ogden, kutamka kwamba tangi lilikuwa dhaifu tangu mwanzo na kwamba kampuni iwajibike. Nilizima simu nikiwa nakumbuka rangi ile ya kahawia kuliko nilivyokumbuka wimbi. Je, wenzangu?

Kalamu Nyeusi

Asante, ndugu mleta mada. Mimi nina jambo ambalo nimelibeba kwa muda na nashukuru kupata mahali pa kulitua.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimulia katika mikusanyiko ya marafiki kisa cha mafuriko ya bia ya London, na kila mara kilifanikiwa. Nilikuwa nikisema kwamba bia ilipotapakaa mitaani watu walitoka na vyungu, masufuria na viganja vyao wakanywa bure, na kwamba mmoja wao alikufa siku chache baadaye kwa ulevi. Hapo ndipo kicheko kilipokuwa kikubwa kuliko pengine pote. Siku moja rafiki aliniuliza nimeyapata wapi hayo, na kwa kuwa sikuwa na jibu, nilikwenda kusoma.

Nilichokikuta ni hiki. Tarehe 17 Oktoba 1814, katika kiwanda cha bia cha Meux karibu na Tottenham Court Road, mkanda mmoja wa chuma ulichomoka kwenye pipa la mbao lililozidi mita 6 kwa urefu. Karani wa ghala, George Crick, alitoa taarifa kwa mkubwa wake na akaambiwa kwamba hakuna madhara yoyote, kwa sababu mikanda ile ilikuwa ikichomoka mara kwa mara; akaagizwa tu aandike barua ili fundi aje kuurudisha. Baadaye kidogo, Crick akiwa bado na barua ile mkononi, pipa likapasuka, likabomoa mapipa mengine na ukuta wa nyuma, na bia ikaingia katika vyumba vya chini ya ardhi walimokuwa wakiishi maskini wa mtaa wa St Giles. Watu 8 walikufa, wote wanawake na watoto. Watano kati yao walikuwa wamekaa matanga katika chumba cha chini, wakimlilia mtoto wa kiume wa miaka miwili, na mama wa mtoto huyo alikuwa miongoni mwao.

Habari ya watu kunywa bia mitaani na ya mtu kufa kwa ulevi haimo katika magazeti ya siku zile. Iliongezwa miaka mingi baadaye. Nilikaa kimya kwa muda mrefu mbele ya kitabu. Kile kipande kilichokuwa kikichekesha kuliko vyote, nilichokisimulia kwa moyo mkunjufu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kilikuwa uongo, tena uongo uliowageuza watu wa matanga kuwa walevi.

Bado nakisimulia kisa hiki, na bado watu wanacheka, ila sasa wanacheka kwenye barua. Wanamcheka mkubwa aliyeamini kwamba pipa la namna ile linaweza kusubiri karatasi. Kisha nawaeleza kwamba baraza la uchunguzi liliamua kuwa ni ajali isiyo na mkosaji, na kwamba wenye kiwanda walirudishiwa na serikali ushuru walioulipia bia iliyomwagika, ilhali waliofiwa walitegemea michango ya wasamaria. Hapo hakuna anayecheka, nami sijaribu kumchekesha mtu.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Kalamu Nyeusi, nimekusoma mara mbili. Mimi nilifundisha historia kwa miaka mingi, na kisa nilichokitumia kuwaamsha wanafunzi baada ya chakula cha mchana kilikuwa cha manowari Vasa ya Uswidi.

Nilikuwa nikiondoa madawati, nachagua wanafunzi 30, nawaambia wakimbie wote kwa pamoja kutoka ukuta huu hadi ule na kurudi. Hivyo ndivyo ilivyojaribiwa Vasa ikiwa bado bandarini Stockholm: mabaharia 30 walikimbia kukatiza sitaha, na meli ikayumba kiasi kwamba baada ya mara tatu jaribio lilisimamishwa, kwa hofu kwamba ingepinduka palepale gatini. Darasa lilikuwa likivunjika mbavu. Kisha nawauliza: mngekuwa ninyi maofisa, mngefanya nini? Wote hujibu kwamba meli isingeondoka. Lakini mfalme Gustav II Adolf alikuwa vitani ng'ambo, alikuwa ameitaka meli yake upesi, ikiwa na mizinga 64, mingi yake kwenye sitaha mbili, na hakuna aliyethubutu kumwandikia kwamba farumi, yaani mawe ya kuipa meli uzito chini, haitoshi kuusimamisha uzito wote ule uliokuwa juu.

Tarehe 10 Agosti 1628 meli ikang'oa nanga mbele ya umati. Ilikwenda kiasi cha mita 1,300. Upepo kidogo ukailaza upande, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, na ikazama machoni pa watu. Walikufa wapatao 30.

Sehemu niliyoipenda ilikuwa ya uchunguzi, na nilikuwa nikiiigiza kwa sauti mbalimbali. Nahodha anaulizwa kama alikuwa amelewa. Anaapa kwamba hakulewa. Anaulizwa kama mizinga ilikuwa imefungwa; ilikuwa imefungwa. Wajenzi wanaulizwa, wanasema vipimo vilikubaliwa na mfalme mwenyewe. Mjenzi mkuu alikwishafariki mwaka uliotangulia. Mwisho mmoja wao anaulizwa kosa ni la nani, naye anajibu kwamba Mungu pekee ndiye ajuaye. Hakuna aliyeadhibiwa. Wanafunzi wangu walikuwa wakiirudia kauli hiyo kila kazi ya nyumbani ilipopotea, nami niliona fahari, kwa maana nilijua kwamba hawataisahau Vasa maisha yao yote.

Bundi

Mimi nimejiwekea mpaka: nasikiliza visa visivyo na damu tu, na sijakosa cha kuchekea. Mwaka 1911 picha ya Mona Lisa iliibwa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, siku ya Jumatatu, na hadi kesho yake hakuna aliyeshtuka, kwani waliouona ukuta mtupu walidhani picha imepelekwa kupigwa picha. Baadaye watu walipanga foleni kuja kuutazama ukuta wenyewe. Mwaka 1995 mtu mmoja wa Pittsburgh aliiba katika benki mbili bila kuficha uso, kwa kuwa aliamini kwamba maji ya ndimu aliyojipaka yangezuia kamera zisimwone. Alipokamatwa alistaajabu kwa dhati. Wanasaikolojia David Dunning na Justin Kruger walianzia kwenye kisa hicho katika utafiti wao wa mwaka 1999 kuhusu watu wasioujua upungufu wao. Nikisikiliza haya nalala vizuri.

Dada wa Marehemu

Nimesita kuandika. Kaka yangu alikufa katika ajali ya chombo cha majini kilichopakia watu kupita kiasi. Miaka michache baadaye nilikuwa safarini, na abiria aliyekaa nyuma yangu akawa anawasimulia wenzake ajali hiyohiyo. Alikuwa hodari wa kusimulia, sina budi kukiri. Aliiga sauti ya mkata tiketi akisema bado kuna nafasi, bado kuna nafasi, na watu wote wakacheka. Mnaweza kushangaa nikiwaambia kwamba hata mimi nilitaka kucheka, kwa sababu ndivyo hasa tulivyosikia kwamba ilikuwa, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesema wazi kilichomuua kaka yangu. Kisha akaendelea, akaanza kuigiza waliokuwa majini wasiojua kuogelea. Watu walicheka vilevile, kwa sauti ileile. Niliomba gari lisimame nikashuka, ingawa safari yangu ilikuwa bado mbali.

Mwalimu, nakuheshimu sana, na sikuandiki kwa ubaya. Ninataka tu kuuliza: katika somo lako, wale 30 waliokufa ulikuwa ukiwafanyaje?

Mpekuzi

Pole sana, dada. Nitasema machache wakati tukimsubiri mwalimu.

Mimi hujirekodi nikisimulia visa vya uhalifu wa kale, na nilipoanza na mauaji ya wanawake ya mwaka 1888 katika mtaa wa Whitechapel, London, niliwataja waliouawa kwa neno moja tu, la kazi waliyodhaniwa kufanya, huku nikimpamba muuaji kwa kila sifa ya kutisha. Msikilizaji mmoja aliniandikia akinitaka nirekodi upya. Nilirekodi. Sasa naanza kwa kuwataja Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly, kila mmoja na maisha yake, bila utani wowote. Ucheshi wote nimemhamishia mkuu wa polisi, Sir Charles Warren, ambaye aliagiza maandishi ya chaki yaliyokutwa karibu na ushahidi yafutwe kabla hayajapigwa picha, kwa kuhofia ghasia dhidi ya Wayahudi, na ambaye katika majaribio ya mbwa wa kunusa alikimbia yeye mwenyewe bustanini ili mbwa wamfuate. Muuaji amebaki na nafasi ndogo sana katika masimulizi yangu. Hakujulikana hadi leo, na simwongezei chochote.

Mwalimu Mstaafu

Dada yangu, pole kwa msiba wako, na nakushukuru kwa kuuliza kwa upole namna hii. Jibu la kweli ni kwamba kwa miaka mingi sikuwafanya chochote. Niliitaja idadi yao ubaoni, nikaendelea na kauli ya Mungu pekee ndiye ajuaye.

Nilibadilika mwishoni kabisa mwa kazi yangu. Vasa iliibuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1961, na ndani yake ilikutwa mifupa ya watu, pamoja na viatu, vijiko na masanduku yao. Kwa kuwa majina hayakujulikana, watafiti waliipa mifupa herufi, na baadhi wakapewa majina ya kuanzia na herufi hizo. G akaitwa Gustav, na kwa miongo mingi alihesabiwa kuwa mwanamume. Nikaanza kuwapa baadhi ya wanafunzi wale 30 waliokimbia darasani kila mmoja herufi yake, na baada ya kucheka kwenye uchunguzi niliwataka waketi, kisha nawasomea yale yanayojulikana kuhusu mtu wa kila herufi: meno yake, umri wake, mahali alipokutwa. Ucheshi haukupungua hata kidogo katika nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilikuwa tulivu.

Mwaka 2023, nikiwa nimekwisha kustaafu, ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimethibitisha kuwa G alikuwa mwanamke, na sasa anaitwa Gertrud. Nilimpigia simu kijana mmoja aliyewahi kuwa G darasani kwangu, ambaye leo ni mtu mzima mwenye watoto, nikamweleza. Alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza Gertrud alifika vipi melini. Nikamwambia kwamba mabaharia waliruhusiwa kuwa na wake zao katika sehemu ya kwanza ya safari, na sehemu hiyo ya kwanza ndiyo ile ya mita 1,300.